Nice kwa baiskeli: mwongozo wa siku sita, pwani na milimani

Kwanza jina. Nice hutamkwa "Nis", kwa hiyo ukipotea usimuulize mtu njia ya "Naisi", atakutazama tu. Ni mji wa kusini-mashariki mwa Ufaransa, kwenye Bahari ya Mediterania, kama kilomita 30 kutoka mpaka wa Italia. Safu ya Alpi huishia hapa, na haishuki kwa adabu: inatumbukia baharini. Bandarini uko usawa wa bahari. Ukikanyaga kilomita 10 hivi umeshafika mita 507, juu ya Col d'Èze. Hilo neno "col" utakutana nalo kila siku. Ni pale barabara inapovuka mgongo wa mlima, kupanda kunapokwisha na kushuka kunapoanza.

Mimi kupanda nilijifunzia barabara ya Mombo kwenda Lushoto, na Phoenix isiyo na gia hata moja, kwa hiyo nilipofika Nice mara ya kwanza nilijiona nimekamilika. Milima haikunishinda. Kilichonishinda ni saa. Nilikwenda barabara ya pwani saa nne asubuhi, nikabanwa na magari mpaka Monaco, nikapanda jua likiwa utosini, nikashuka mikono ikitetemeka kwa uchovu. Njia nilizochagua zote zilikuwa nzuri, nikazipita zote kwa wakati mbaya. Tangu hapo nina kanuni moja: pwani alfajiri, mlima asubuhi, kushuka kabla nguvu za mikono hazijaisha, na treni kama umechelewa. Siku sita zilizo hapa chini zimepangwa hivyo. Saa ninazotaja ni za Kiswahili, isipokuwa za treni.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi

Miezi bora ni Aprili, Mei, Juni ya mwanzoni na Septemba. Julai na Agosti kuna joto, na barabara za pwani hujaa watalii wanaotafuta maegesho, yaani madereva wanaotazama kila kitu isipokuwa wewe. Oktoba hali ya hewa bado ni tamu ila mvua za vuli huja kwa hasira. Tarehe 2 Oktoba 2020 dhoruba iliyopewa jina Alex ilibomoa barabara na madaraja katika mabonde ya Vésubie na Roya, nyuma ya Nice. Ukiona kibao kimeandikwa "route barrée", njia imefungwa. Usijipe moyo kwamba baiskeli itapenya.

Baridi ya Januari pwani inavumilika, na ndiyo sababu wanariadha wa kulipwa wengi wanaishi Nice na Monaco. Tatizo la majira hayo kwa sisi tuliozoea jua la saa kumi na mbili ni urefu wa mchana. Mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Ukianza safari saa tano ukidhani una siku nzima, utamalizia gizani, mlimani, kwenye baridi. Juni mambo ni kinyume: kunapambazuka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na hiyo ndiyo saa yako.

Na kumbuka kwamba kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi sita hadi saba. Nice ikiwa na nyuzi 22, Col de Turini yenye mita 1,607 inaweza kuwa na 12, na hapo umelowa jasho unaanza kushuka kwa kasi. Beba koti jepesi la upepo hata kama kuna jua. Ukilisahau, fanya walivyofanya wanariadha wa zamani: omba gazeti kwenye mkahawa, lipachike kifuani chini ya jezi. Linafanya kazi kuliko unavyodhani.

Hatua ya pili: baiskeli, na mkono wa breki

Kusafiri na baiskeli yako kwa ndege kuna gharama na mashaka yake. Kwa wiki moja, kukodi ni rahisi zaidi. Weka nafasi mapema, beba kitambulisho na kadi ya benki kwa ajili ya dhamana, na kama umezoea pedeli za kubana kiatu, beba zako. Uliza mambo matatu. Gia: mbele iwe na gurudumu la meno 34, nyuma kubwa kabisa liwe na meno 32 au 34. Usione haya kuomba gia nyepesi. Wanaoona haya huonekana baadaye wakisukuma. Tairi: upana wa milimita 28 unatosha kwa lami ya huko. Taa: mbele na nyuma, hata mchana, kwa sababu ya mahandaki mafupi ya barabarani.

Halafu breki. Kwetu, baiskeli nyingi hufuata mtindo wa Kiingereza: mkono wa kulia unashika breki ya mbele, wa kushoto ya nyuma. Ufaransa ni kinyume. Mimi nililijua hilo kwa kusoma, nikalisahau kwa kuendesha. Katika kona ya kwanza kali ya kushuka kutoka La Turbie, kijiji kilicho juu ya Monaco, nilibana kwa nguvu mkono wa kushoto, kama mtoto yeyote wa kwetu aliyefundishwa kwamba breki ya nyuma haikumwagi. Ilikuwa ya mbele. Nilihisi kiti kinaninyanyua kama mtu ananisukuma kutoka nyuma, nikaona lami karibu kuliko inavyopaswa, nikaachia, baiskeli ikatua, nikapitiliza kona na kwenda kujisugua kwenye ukuta wa mawe. Kiwiko kilichubuka, jezi ikachanika, basi. Upande wa pili wa barabara hapakuwa na ukuta. Kwa hiyo kabla hujaondoka dukani, zunguka maegesho mara tano ukibana breki moja moja mpaka mikono ielewe. Au omba fundi akubadilishie nyaya, wengine watakubali.

Chukua tyubu mbili, vijiti vya kutolea tairi, pampu ndogo na spana ya kukunja. Mafundi wako mjini, milimani utakuwa wewe na mbuzi.

Hatua ya tatu: upande wa kulia

Wafaransa huendesha kulia. Barabarani moja kwa moja utazoea baada ya dakika kumi. Unapokosea ni pale unapoanza upya, ukitoka kunywa kahawa barabara ikiwa tupu. Bandika kikaratasi chenye mshale kwenye usukani siku ya kwanza. Kipilefti ya Ufaransa jina lake halimo: unaingia kulia, unazunguka kinyume cha saa, na unawapisha waliomo ndani. Ukiwa njia panda isiyo na kibao wala taa, anayetoka kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita, hata kama anatoka kichochoroni. Hilo limewashangaza wengi.

Rangi za vibao zitakusaidia kuliko ramani. Bluu inaelekeza barabara kuu ya kulipia, ile A8, ambako baiskeli hairuhusiwi kabisa. Kijani ni barabara kubwa yenye magari ya kasi. Wewe fuata nyeupe. Usishtuke kuona barabara ileile imeandikwa M6098 sehemu moja na D6098 sehemu nyingine. M ni ndani ya eneo la jiji la Nice, D ni nje yake.

Sheria chache za kuweka kichwani: vifaa vya kusikilizia muziki masikioni ni marufuku ukiwa unaendesha, na faini yake inauma. Kizibao cha kung'aa ni lazima usiku au kwenye ukungu nje ya mji. Helmeti sheria inawalazimisha watoto walio chini ya miaka 12 tu, lakini baada ya ule ukuta wangu sihitaji sheria. Gari linalokupita linatakiwa kukuachia mita moja mjini, mita moja na nusu nje ya mji. Wengi wanafuata. Ukitoka kuendesha Dar, utaona kama wanakuogopa.

Ukiwa na pasipoti ya Tanzania au Kenya utahitaji viza ya Schengen, na pamoja nayo bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Soma kama hiyo bima inagusa ajali za baiskeli. Namba ya dharura ni 112, inapatikana hata kwa simu isiyo na salio.

Siku ya kwanza: Antibes na kurudi, tambarare

Usianze na mlima, hata kama miguu inawasha. Siku hii ni ya kuzoea upande wa kulia, breki na kiti. Toka Nice saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa njia ya baiskeli ya Promenade des Anglais, ukielekea magharibi, bahari ikiwa kushoto kwako. Utapita ubavuni mwa uwanja wa ndege, utavuka mto Var, kisha Cagnes-sur-Mer na Villeneuve-Loubet mpaka Antibes. Ni kama kilomita 22, na sehemu kubwa ina njia ya baiskeli kando ya maji. Saa hiyo utakuwa na wakimbiaji na wazee na mbwa wao. Saa nne njia ni ya kila mtu, na baiskeli ya mbio inakuwa kero.

Ufukwe wa hapa si mchanga, ni kokoto. Baada ya bahari kuchafuka, mawimbi huzirusha kokoto hizo mpaka barabarani karibu na Antibes, na nyingine ni kubwa kama embe. Tazama lami, si mashua. Ukifika, zunguka rasi ya Cap d'Antibes kwa raha zako, kisha geuza. Saa nne uko kitandani au sokoni.

Siku ya pili: Col d'Èze na La Turbie

Kuna barabara tatu kati ya Nice na Monaco, zimepangwa mlimani kama rafu za kabati. Ya chini, Basse Corniche, inapita kando ya maji. Ya kati, Moyenne Corniche, ni ya magari, yaachie. Ya juu, Grande Corniche, asili yake ni kazi ya Napoleon, na ndiyo yako ya kupandia.

Kilomita za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote, zenye mwinuko wa asilimia 8 mahali pengine, yaani kila mita 100 unapanda mita 8. Na unazianza ukiwa baridi, ukiwa bado kati ya nyumba, ukimpisha mtu anayetoa taka. Usikimbize. Kushoto juu utaona kuba jeupe la kituo cha kutazamia nyota cha Nice, alichokichora Charles Garnier na kuba lake likajengwa na Eiffel, yule wa mnara wa Paris. Ukifika mahali panapoitwa Col des Quatre Chemins mwinuko unalegea, na kutoka hapo ni wa kupumua. Mbele yake bahari inafunguka kulia na rasi ya Cap Ferrat imelala chini kama kiganja. Mtu wa kawaida huchukua dakika 40 hadi saa moja kufika mita 507.

Mlima huu ni wa kihistoria kwa sababu ya Paris–Nice, mashindano ya kila Machi yaliyoanza mwaka 1933 na kuitwa "mbio za kuelekea jua". Tarehe 21 Julai 2024 ukapata heshima kubwa zaidi. Paris ilikuwa inajiandaa kwa Olimpiki, kwa hiyo kwa mara ya kwanza Tour de France, mbio kubwa kuliko zote za baiskeli, ikamalizikia nje ya mji mkuu na viunga vyake: kilomita 34 za kukimbizana na saa, kutoka Monaco kupitia La Turbie na Col d'Èze mpaka Place Masséna, katikati ya Nice. Tadej Pogačar alishinda. Lakini sisi tulikuwa tunamtazama Biniam Girmay wa Eritrea, aliyekuwa ameshinda hatua tatu katika mashindano hayo, akipanda jukwaani na jezi ya kijani, ile ya mshindi wa pointi. Hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kuivaa jezi hiyo mpaka mwisho kabla yake. Ukifika Masséna, simama kidogo.

Kutoka Col d'Èze endelea mpaka La Turbie. Pale kuna mabaki ya mnara wa ushindi aliojengewa Kaisari Augusto takriban mwaka wa 6 kabla ya Kristo, baada ya kuyashinda makabila ya Alpi. Jaza maji, vaa koti, halafu ushuke kuelekea Cap-d'Ail na kurudi Nice kwa barabara ya chini. Mzunguko mzima ni kama kilomita 45.

Sasa, kushuka. Hapa ndipo wapandaji wazuri huumia. Shika usukani sehemu ya chini, vidole viwili kwenye kila breki. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Ukiingia kona ya kushoto, mguu wa kulia uwe chini umeukanyagia uzito wote. Kona ya kulia, mguu wa kushoto. Macho yaende pale kona inapoishia, maana baiskeli hufuata macho: nilipokuwa natazama ule ukuta, ukutani ndiko nilikokwenda. Na baki nusu yako ya barabara hata kama huoni gari. Pikipiki haisikiki mpaka iko mbele yako.

Siku ya tatu: pumzika kwa kula

Naiweka pumziko hapa kwa makusudi, kwa sababu siku ya nne ni nzito. Nenda Nice ya zamani ukale socca, mkate mpana wa unga wa dengu na mafuta ya zeituni unaookwa kwenye sinia kubwa la shaba ndani ya tanuri la kuni. Yeyote aliyekulia na bajia za dengu atautambua kwa harufu kabla hajauona. Wanaukwangua vipande, wananyunyizia pilipili manga, unakula kwa mkono ukiwa moto.

Chakula cha kubeba ni pan bagnat: mkate wa duara uliojazwa samaki jodari, yai, nyanya na zeituni, ukaloweshwa mafuta. Ni mlo wa wavuvi na vibarua, unakaa mfukoni mwa jezi saa tatu na unazidi kunoga. Kwa maji, vijiji vingi vina bomba uwanjani. Likiandikwa "eau potable" kunywa, likiandikwa "non potable" mwagia kichwa tu. Maduka ya vijijini hufunga mchana kwa saa mbili au tatu, na mengine Jumatatu hayafungui, hivyo nunua kabla ya saa sita.

Jambo moja zaidi, na ni dogo ila linafungua milango. Kabla ya kuomba chochote, salimia: "Bonjour". Wafaransa wako kama sisi katika hili. Ukiingia dukani ukaanza moja kwa moja na shida yako, umeshakuwa mtu asiye na adabu, na chupa yako itajazwa polepole sana.

Siku ya nne: Menton na Col de la Madone

Panda treni ya asubuhi mpaka Menton, au kama una nguvu fuata Basse Corniche kabla ya saa moja. Ni kilomita 30 za mahandaki mafupi na vijilima. Treni za mkoa hupokea baiskeli nafasi ikiwepo. Menton ni mji wa malimau, unayasherehekea kila Februari, na nyuma yake milima inasimama wima kama mtu amefunga mlango.

Fuata vibao vya Sainte-Agnès. Barabara inapita chini ya daraja refu la A8; juu malori yananguruma, chini wewe na pumzi yako. Ni kama kilomita 13 hadi 14 mpaka juu, mita 925 hivi, kwa wastani wa karibu asilimia 7, na hakuna mahali pa kujificha. Kabla ya kileleni kuna njia ya kuingia Sainte-Agnès, kijiji kilichoning'inia jabalini, chenye ngome ya kijeshi ya Maginot, safu ya ngome ambazo Ufaransa ilizijenga mipakani kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Ingia ujaze maji.

Madone haimo katika milima ya Tour de France, na bado kila mwendesha baiskeli anaijua. Lance Armstrong wa Marekani alikuwa akijipimia hapa, kabla hajavuliwa mataji yake 7 ya Tour mwaka 2012. Kisha akaja Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufundwa na David Kinjah katika vilima vya Kikuyu. Akiwa anaishi Monaco, aliupanda mlima huu siku chache kabla ya Tour ya 2013, akamaliza kwa nusu saa hivi, kisha akaenda kushinda Tour yenyewe. Mimi nilitumia saa moja na dakika 22, na nilisimama mara mbili, mara ya pili nikidai natazama mandhari.

Juu hakuna kitu: mawe, upepo, kibao kilichojaa vibandiko. Shuka upande wa Peille kwa barabara nyembamba yenye changarawe pembezoni, kisha rudi La Turbie na Nice. Hapa kushuka ni kwa uangalifu kuliko Col d'Èze, kwa sababu kona nyingi hazina ukingo.

Siku ya tano: chagua moja kati ya mbili

Ukitaka mandhari, nenda Col de Vence. Kutoka Nice hadi Vence kupitia Cagnes ni kama kilomita 22 za kupanda taratibu katikati ya vitongoji, zisizo na raha yoyote. Kutoka Vence ni kilomita 10 mpaka mita 963, na miti inakwisha kabisa: chokaa tupu, nyasi kavu, upepo. Geuka nyuma utaona ndege zikitua Nice, ndogo kama nzi. Mbele shuka Coursegoules, Gréolières, kisha ingia korongo la mto Loup. Humo jua haliingii vizuri, maporomoko ya Courmes yanashuka mita 40 kando ya barabara, na mawe huanguka baada ya mvua, kwa hiyo usipige kambi chini ya jabali. Pont-du-Loup utaona nguzo za daraja la reli zimesimama bila daraja. Wajerumani walililipua Agosti 1944. Rudi kwa Tourrettes-sur-Loup na Vence. Jumla ni karibu kilomita 100.

Ukitaka kuumia, nenda Col de Braus. Toka saa kumi na mbili asubuhi kwa bonde la Paillon mpaka L'Escarène, kama kilomita 20. Hapo unaanza kilomita 10 za wastani wa asilimia 6.6 mpaka mita 1,002, na sehemu ya mwisho barabara inajikunja mara nyingi mno, kona juu ya kona, mpaka unaweza kuzungumza na rafiki aliye ghorofa mbili chini yako bila kupaza sauti. Kileleni kuna kumbukumbu ya mawe ya René Vietto, kijana wa eneo hili. Katika Tour ya 1934 akiwa na miaka 20 alimpa gurudumu lake nahodha wake, Antonin Magne, akabaki ameketi ukutani akilia huku wengine wakipita. Magne alishinda Tour. Watu wanamkumbuka Vietto.

Shuka Sospel, ule chakula karibu na daraja la zamani lenye mnara, kisha jipime kwa ukweli. Aliyebaki na miguu huendelea na Col de Turini: kilomita 24 kupitia Moulinet mpaka mita 1,607, kisha Peïra-Cava, Lucéram, L'Escarène na Nice, mzunguko wa kama kilomita 115 wenye zaidi ya mita 2,200 za kupanda. Asiyebaki nayo hupanda kijilima cha Castillon na kuteremka Menton, au huingia kituoni Sospel. Treni ya Nice inapita hapo na L'Escarène pia, lakini ni chache kwa siku. Piga picha ya ratiba asubuhi, na kumbuka 17:05 ni saa kumi na moja na dakika tano yetu. Nimemwona mtu akifika saa kumi na moja na dakika kumi, ametulia kabisa, akiwa na mkate mkononi.

Siku ya sita: mawe mekundu ya Esterel

Siku ya kulegeza miguu. Panda treni mpaka Cannes, kisha fuata bahari kuelekea magharibi kupitia Théoule-sur-Mer. Hapo inaanza Corniche d'Or, barabara ya kando ya milima ya Esterel iliyofunguliwa mwaka 1903, na mawe yanabadilika ghafla: mekundu kama matofali, yanaingia moja kwa moja kwenye maji ya bluu. Inapanda na kushuka bila kukoma, ila hakuna kilima kinachozidi dakika kumi. Kiangazi kikiwa kikavu kama kiberiti misitu hii huungua, na siku za upepo njia za msituni hufungwa. Wewe baki kwenye lami. Dramont, kabla ya kufika Saint-Raphaël, simama ufukweni. Wanajeshi wa Marekani walitua hapo tarehe 15 Agosti 1944.

Cannes hadi Saint-Raphaël ni kama kilomita 40. Fika kabla ya saa sita, piga mbizi na nguo zako za baiskeli, zitakauka kabla hujafika kituoni. Kupanda treni ya Nice, ingia behewa lenye alama ya baiskeli, funga yako kwa mkanda, halafu utafute kiti upande wa kulia, kwa sababu mawe yote uliyoyapita asubuhi yanarudi tena dirishani upande huo.